WhatsApp Business kwa mwenye duka anayejiandikia mwenyewe

Muuza asali, mshona nguo au mama wa viungo vya pilau hana idara ya matangazo. Ana simu moja, bando la wiki na dakika chache kati ya mteja huyu na yule. Wengi wa aina hii wanaandikia kwenye WhatsApp Business, ile programu ya bure yenye herufi B kwenye nembo, iliyotoka Januari 2018. Hapa inapimwa kwa jambo moja tu: inamwacha mwenye biashara aandike kama anavyoongea dukani, au inamgeuza kipaza sauti cha "Habari mpendwa mteja, karibu tukuhudumie"?

Jibu kwa kifupi: katalogi na stetasi zinastahili sifa. Majibu ya haraka yanafaa kwa anayejua mipaka yake. Salamu inayojituma yenyewe ndiyo sehemu inayoharibu biashara nyingi, na ni heri izimwe mpaka iandikwe upya.

Laini na wasifu

Kuhamisha laini binafsi kwenda WhatsApp Business ni rahisi, mazungumzo yanahama nayo. Ugumu uko kwenye kurudi: usitegemee mazungumzo hayo yatarudi nawe ukiamua kurejea WhatsApp ya kawaida. Kwenye simu ya laini mbili programu zote mbili hukaa pamoja, kila moja na namba yake, na huo ndio mpango bora. Unapofungua ile ya B unajua uko kaunta. Wateja nao hawaoni picha za harusi ya binamu yako katikati ya picha za mzigo.

Wasifu una jina, aina ya biashara, anwani, saa za kazi na maelezo. Kwenye maelezo ndipo wengi huweka "Tunajali ubora na kuridhika kwa mteja". Hayo hayamwambii mtu kitu. Andika unauza nini, duka lipo wapi kwa alama ambayo bodaboda anaijua, unapumzika siku gani, na mzigo wa mikoani unatumaje. Sentensi nne zinatosha.

Kuna mtego kwenye saa. Programu huandika saa kwa mtindo wa kizungu: unaweka 8:00 ukimaanisha saa mbili asubuhi. Mteja anayesoma "8:00" ataelewa, lakini wewe ukimjibu kwa maandishi "tunafungua saa 8", mwingine atakuja mchana. Ndani ya mazungumzo andika "saa 2 asubuhi", utaje na wakati wa siku. Na usiandike kwamba upo saa 24 kama unalala. Mteja wa usiku wa manane atakuamini, na neno lake la kwanza kwako litakuwa lawama.

Katalogi: hapa ndipo pa kukaa

Katalogi inabeba vitu hadi 500, kila kimoja na picha hadi 10, jina, bei, maelezo, linki na namba ya bidhaa. Duka dogo halihitaji hata robo ya hapo. Vitu kumi na viwili vilivyoandikwa vizuri vinauza kuliko tisini vyenye jina tu, kwa sababu ile tisini mteja anaivuta mara tatu kwa kidole kisha anakuuliza: "Una nini?"

Kila kitu kipya hukaguliwa kabla ya kuonekana. Kwa kawaida haichukui muda, ila kinaweza kukaa mpaka siku nzima, kwa hiyo usipandishe mzigo wa Idi siku ya mkesha. Kilichokataliwa hupata alama nyekundu, na unaweza kuomba kikaguliwe tena. Pombe, tumbaku na dawa havipiti. Wanyama hai pia hawaruhusiwi, na hapa wafugaji hushangaa: anayeuza kuku wa kienyeji wazima hana nafasi kwenye katalogi, itabidi ategemee stetasi na mazungumzo.

Picha ya kwanza iwe bidhaa yenyewe, karibu na dirisha, bila taa ya simu. Acha nafasi pembeni, maana kwenye orodha picha huonekana ndogo na ya mraba, na chupa iliyojaza fremu hukatwa shingo. Picha ya pili ionyeshe ukubwa: weka bidhaa kando ya kitu ambacho kila mtu amekishika, kama glasi ya maji au kiberiti. Ya tatu iwe lebo, au ile kasoro ambayo mteja ataiona tu akifika nyumbani. Picha za kudokoa mtandaoni achana nazo. Mteja aliyezunguka Kariakoo ameshaiona hiyohiyo kwenye maduka matano yenye bei tano.

Sasa maneno. Chukua asali, maana karibu kila anayeiuza anaandika hivi:

"Asali safi na halisi 100% kutoka misitu ya Tabora. Ubora wa hali ya juu kwa afya ya familia yako. Wahi sasa kabla haijaisha!"

Hakuna neno hapo ambalo mchakachuaji hawezi kuliandika pia. Anayechanganya sukari guru naye anaandika "halisi 100%", tena kwa herufi kubwa. Mteja hana cha kukupimia. Linganisha na haya, bei ikiwa ya mfano:

"Asali ya nyuki wakubwa, Tabora. Chupa ya nusu lita, uzito kama gramu 700. Kahawia iliyokolea, ina harufu ya moshi kwa mbali kwa sababu ilirinwa kwa moshi. Ikikaa pa baridi inaganda, haijaharibika. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yasiwe ya kuchemka, italainika. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali. Sh 9,000."

Angalia kila sentensi inafanya kazi gani. Uzito na ujazo vimetajwa pamoja kwa sababu soko letu linachanganya: huyu anauza kwa kilo, yule kwa lita, na mteja analinganisha bei kana kwamba ni kitu kimoja. Lita moja ya asali ina kilo 1.4 hivi. Yaani kilo moja ni chupa ya mililita 700 na ushei, haifiki lita. Muuzaji wa lita asipoandika uzito ataonekana ghali kumbe ndiye mwenye nafuu.

Kuganda ndiyo lawama inayojirudia kuliko zote. Mteja anaona chenga chini ya chupa, anasema ametiliwa sukari, anairudisha au anakaa kimya na hanunui tena. Asali nyingi halisi huganda kwa kawaida. Sentensi mbili kwenye maelezo zinamaliza ugomvi huo kabla haujaanza, na unapata kitu cha kumwonyesha mteja kwamba ulisema mapema.

Ya moshi ni sifa na kasoro kwa pamoja. Wapo wasioipenda harufu hiyo, na ni afadhali wajue wakiwa kwao kuliko wajue baada ya kulipa nauli ya boda. Kama unayo pia ya nyuki wadogo, iandikie maelezo yake pekee, usinakili. Ile ni nyepesi, ina uchachu, ina maji mengi zaidi na inaweza kuchachuka na kusukuma kifuniko. Usipoandika, mteja aliyezoea ya nyuki wakubwa atasema umemwekea maji.

Neno ambalo halimo kwenye maelezo yale ni "tiba". Orodha ya vidonda vya tumbo, kisukari na nguvu za kiume inavuta macho, lakini ni ahadi ambayo muuzaji hawezi kuitimiza, na kwa mgonjwa wa kisukari ni hatari ya kweli. Vilevile alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania: iweke ikiwa cheti unacho mkononi. Kama bado unaishughulikia, usiitaje kabisa. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na haikuwasamehe wauzaji wa kwenye simu.

Njia ya kupata maneno ya namna hii ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Fungua mazungumzo ya wiki mbili zilizopita, andika kwenye karatasi kila swali ambalo limeulizwa zaidi ya mara moja, kisha hakikisha jibu lake limo kwenye maelezo ya bidhaa husika. Kwa batiki maswali ni yaleyale siku zote: ina mita ngapi, inachuja, na nikihitaji kingine kama hiki nitapata? Jibu: "Urefu mita 2.5. Maji ya kwanza itachuja, ifue peke yake kwa maji baridi. Inatengenezwa kwa mkono, kipande kingine kitakaribia tu, hakitafanana." Kwa khanga, sema kama bei ni ya doti au ya upande mmoja. Inaonekana jambo dogo mpaka mtu atume pesa ya upande akidai doti.

Kuhusu bei

Sehemu ya bei kwenye katalogi si lazima ijazwe, na ndiyo iliyozaa ule ugonjwa wa "bei inbox". Sababu za wauzaji zinajulikana: jirani asinakili, mteja mwenye uwezo asipewe bei ya chini, mazungumzo yapate pa kuanzia. Zote zina ukweli kidogo. Lakini jirani anayetaka bei yako atatuma mtu aiulize, na mteja anayeambiwa "njoo inbox" anaelewa kwamba bei itategemea anavyoonekana kwenye picha yake ya wasifu. Jaza bei. Kama unapunguza, andika unapunguza kuanzia wapi: "Chupa 6 kwenda juu, sh 8,000 kila moja." Kama haipungui, sema haipungui, utaokoa ujumbe kumi kwa siku.

Bei ikipanda, ibadili kwenye katalogi kwanza, stetasi baadaye. Watu hupiga skrinishoti, na atakayekuja na bei ya jana iliyokuwa bado inaonekana leo ana haki yake. Kilichoisha kifiche, programu ina chaguo hilo, na mzigo ukirudi unakifichua pamoja na maelezo yake yote. Ukikifuta utaandika upya, na maandishi ya mara ya pili huwa ya kivivu.

Salamu inayojituma

Programu inakuruhusu kuweka salamu inayojituma mtu anapokuandikia mara ya kwanza, au baada ya siku 14 za ukimya. Tatizo lake ni lugha yetu. Mteja kijana anaandika: "Shikamoo mama, ile ya nyuki wadogo bado ipo?" Simu inamrudishia papo hapo: "Habari mpendwa mteja! Asante kwa kuwasiliana nasi. Mmoja wa wahudumu wetu atakujibu hivi punde." Shikamoo imejibiwa kwa habari. Wahudumu wetu ni nani, wakati duka lina mtu mmoja? Na alichouliza hakijaguswa.

Anayejibu mwenyewe angesema: "Marahaba mwanangu. Ipo, zimebaki chupa nne za robo lita." Maneno tisa, na mauzo yameshafika nusu ya njia.

Kama huna budi kuwa na ujumbe wa kujituma, uandike usijifanye mtu, na ubebe taarifa:

"Karibu. Hapa ni duka la asali, anayejibu ni mwenye duka. Najibu kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Nikiwa na mtu dukani naweza kuchelewa nusu saa. Taja unachotaka na mtaa uliopo, nitakupa bei mpaka mlangoni."

Hauna "mpendwa", hauna emoji za mikono, na unamwomba mteja vitu viwili ambavyo ungemuuliza vyovyote vile. Ule ujumbe mwingine, wa kumjibu mteja wakati haupo, una udhaifu wake: hujituma tu ikiwa simu ina intaneti. Bando likiisha au simu ikizimika, mteja hapati kitu. Wengi hudhani wamejikinga kwa ajili ya safari, kumbe simu imelala ndani ya basi la Dodoma bila mtandao.

Majibu ya haraka

Unaweza kuhifadhi hadi 50, na kila moja huitwa kwa alama ya mkwaju na neno lake, mfano /malipo. Hamsini ni mengi mno. Zaidi ya sita au saba unasahau majina na kuanza kutuma lisilohusika.

Mpaka wa kuyatumia ni huu: majibu ya haraka ni ya mambo yasiyobadilika. Namba ya malipo, mahali pa duka, utaratibu wa kutuma mikoani, namna ya kutunza bidhaa. Pole, asante na samahani hazikai humo. Mteja aliyepokea chupa iliyopasuka anajua mara moja kwamba samahani hiyo imebandikwa, hasa ikiwa ni ileile aliyotumiwa mwezi jana.

Hili la /malipo lina mengi ya kuharibika, kwa sababu kwetu malipo hayafanyiki ndani ya WhatsApp. Mteja anatoka, anaenda M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, analipa kwa Lipa Namba, anarudi. Kila hatua ni nafasi ya kupotea. Andika namba peke yake kwenye mstari wake, bila nafasi katikati, ili ikibonyezwa inakiliwe nzima. Taja mtandao. Kisha taja jina litakalotokea kabla hajaweka namba ya siri, kama lilivyosajiliwa, herufi kwa herufi. Duka linaitwa hivi, Lipa Namba imesajiliwa kwa jina la mume: mteja akikuta jina asilolijua anasita, na matapeli wamemfundisha kusita. Malizia kwa kumwomba akutumie ujumbe wa muamala akishalipa. Kiasi usikiweke kwenye jibu la kuhifadhi. Kichape kwa mkono kila mara, usije ukamtumia mtu wa chupa moja jumla ya mtu wa chupa sita.

Na jibu la haraka lisiwe na salamu. Ibaki kiini tu. Salamu, jina na ile "dada" au "kaka" au "bosi" vichapwe wakati huohuo kulingana na unayeongea naye. Kama hujui ni mwanamke au mwanamume, "karibu" inatosha, haina jinsia wala rika. Ukikosea umechapa, una dakika 15 za kuhariri.

Stetasi

Hiki ndicho chombo chenye nguvu kuliko vyote humu, na ndicho kinachoandikwa vibaya kuliko vyote. Stetasi huishi saa 24, na huonekana tu kwa watu uliohifadhi namba zao ambao nao wamehifadhi yako. Sharti hilo la pande mbili ndilo linalofanya mtu mwenye wateja mia nne aonwe na thelathini. Kwa hiyo kila mteja mpya mhifadhi siku hiyohiyo, kwa jina na kitu cha kumkumbukia: "Neema Tegeta nyuki wadogo". Kisha mwombe akuhifadhi, na umpe sababu: "Nisevu, mzigo ukiingia utaona kwenye stetasi." Ukizima tiki za bluu, hutaona nani ametazama.

Andika kilichotokea leo. Hakuna mshindani anayeweza kunakili kilichotokea dukani kwako leo asubuhi. "Mzigo wa Tabora umeingia saa 4. Ndoo nane, moja imevuja njiani, zimebaki saba. Natia chupani leo, kuanzia kesho zinauzwa." Hiyo ndoo iliyovuja ifanye ionekane. Inaeleza kwa nini mzigo ni mchache bila kulazimika kupiga kelele za "wahi", na inamfanya msomaji aamini na zile saba.

Picha tatu au nne kwa siku zinatosha. Vile vimstari vya juu vikishakuwa vinukta, mtu anaruka zote kwa kidole kimoja. Stetasi ya maandishi matupu inabeba herufi 700, lakini yenye mistari mitatu ndiyo inayosomwa mtu akiwa amesimama kwenye daladala. Video ianze na bidhaa, usianze na "Haloo wapendwa". Picha unazomtumia mteja kwenye mazungumzo zitume kwa HD pale anapotaka kuona nyuzi za kitambaa au maandishi ya lebo, vinginevyo ubora wa kawaida unaokoa bando, lako na lake.

Nyota pembeni ya neno, *hivi*, hulifanya liwe zito. Tumia kwa bei au kwa siku, basi. Ujumbe wote ukiwa mzito ni sawa na hakuna kizito. Emoji moja mwisho wa mstari haina ubaya. Saba za moto mfululizo zinamkumbusha msomaji makundi ya kubashiri mechi.

Orodha ya matangazo na lebo

Orodha moja inabeba watu hadi 256, na ujumbe humfikia mtu kama ujumbe wa faragha, mradi amehifadhi namba yako. Asiyekuhifadhi haupati. Iandike kama unamwandikia mtu mmoja: "Ile asali nyeusi uliyowahi kuiulizia imeingia" inafaa kwa orodha ya walioulizia asali nyeusi, na hapo ndipo zinapofaa lebo za programu, zile alama za kupanga mazungumzo. Unaruhusiwa lebo 20. Tano zinatosha: kaulizia, kalipa, katumiwa mzigo, ana deni, wa jumla. Kumtumia kila mtu kila kitu kila Jumatatu kunazaa kuripotiwa, na akaunti zilizoripotiwa sana hufungiwa. Wanaotumia GBWhatsApp, ile WhatsApp ya kuchezewa isiyo rasmi, kukwepa mipaka hii wanajitafutia kufungiwa vilevile, na namba iliyochapwa kwenye lebo za chupa mia tano haibadilishwi kirahisi.

Linki ya kukuandikia moja kwa moja ni wa.me/ ikifuatiwa na namba yenye msimbo wa nchi, 255 kwa Tanzania au 254 kwa Kenya, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Ukiibakiza hiyo sifuri linki inakufa, na hutajua, kwa sababu wewe huibonyezi.

Kuandikiwa na mashine

Siku hizi Meta AI au ChatGPT ikiombwa tangazo inalitoa kwa sekunde. Kiswahili chake cha matangazo kinajulikana kwa mbali: "Je, umechoka na asali isiyo na ubora? Usitafute zaidi! Tunakuletea suluhisho bora kwa mahitaji yako." Hakuna muuzaji yeyote sokoni aliyewahi kumwambia mteja "usitafute zaidi". Baya kuliko lugha ni uzushi: ukiiachia nafasi itaongeza kwamba bidhaa imethibitishwa, imepimwa maabara, inapendwa na maelfu, na wewe hujasema lolote kati ya hayo.

Matumizi yake halali ni ya karani. Mpe maelezo yako mwenyewe akague tahajia, au akupangie orodha ya bei. Anachorudisha kisome kwa sauti mbele ya mtu aliyeko dukani. Penye sentensi ambayo ungeona haya kuitamka, ifute.

Ushuhuda wa wateja

Skrinishoti za "Asante mama, asali ni nzuri sana" zinasaidia zikiwa za kweli. Omba ruhusa kwa sentensi moja, na ufiche jina, namba na picha kwa rangi nzito. Ule ukungu mwepesi unasomeka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019, na namba ya simu ya mtu ni taarifa binafsi. Za kughushi watu huzijua: wateja sita tofauti, wote wanaandika kwa mtindo mmoja, na betri juu ya kila picha iko asilimia 47. Ushuhuda wenye kasoro ndani yake, "nzuri ila kifuniko kilikuwa kimelegea", ukiwekwa pamoja na jibu lako la nini kimebadilika, una uzito kuliko sifa tupu kumi.

Inapoangusha

Takwimu zake ni chache mno: ujumbe uliotuma, uliofika, uliosomwa, na ule ulioupokea wewe. Hazikuambii ni maelezo yapi yameuza. Itakubidi uulize, "Umeiona wapi?", na uandike kwenye daftari.

Stetasi zinapotea na maneno yako mazuri yanakwenda nazo. Jitumie mwenyewe kwenye mazungumzo ya namba yako kila stetasi iliyoleta maswali mengi. Baada ya miezi mitatu una maandishi ya msimu mzima ya kurudia na kurekebisha. Na uwashe hifadhi ya mazungumzo, maana simu ikiibwa bila hifadhi, yale maswali ya wateja uliyokuwa ukijifunzia kuandika nayo yamekwenda.

Unaweza kuunganisha vifaa vinne kwenye akaunti moja, kwa hiyo mdogo wako naye anaweza kujibu. Hapo sauti zinakuwa mbili, na mteja anaona jana aliitwa "dada yangu", leo anaitwa "boss lady". Kila anayejibu aweke jina lake mwisho wa ujumbe wa kwanza wa siku, na mambo ya bei yaamuliwe na mmoja.

Kwa mwenye bidhaa kati ya tano na hamsini, anayeuza kwa kurudiwa na watu walewale, programu hii inatosha na haina gharama zaidi ya bando. Mwenye bidhaa mia tatu zenye saizi na rangi atachoka kuhuisha katalogi kwa kidole kwenye kioo cha simu, na anahitaji tovuti. Na anayeuza maandazi ya oda kwa majirani kumi haihitaji. WhatsApp ya kawaida inamtosha, aandike tu usiku, "Kesho yapo ya nazi na ya iliki, oda mwisho saa 3 usiku", aweke simu chaji akalale.